Kitabu changu kinanuka samaki

KUMALIZA kitabu si kama unavyodhani, mpenzi msomaji. Mimi nilijua kabisa kwamba siku nitakayoshika mkononi kitabu changu, nilichokitunga mwenyewe na kukichora mwenyewe kuanzia jalada hadi jalada, nitaruka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Wapi! Nilikaa kwenye kibaraza cha duka moja Kariakoo, jua la saa nane linanichapa utosini, nikafungua ukurasa wa kwanza nikaona kosa. Nikafungua wa pili, kosa. Ukurasa wa tano mama yangu ana vidole vinne. Nikakifunga, nikakitia kwenye mkoba, nikaenda kununua maji ya kunywa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yenyewe. Miezi saba nakesha, macho mekundu kama ya mlinzi, halafu unamaliza na unabaki huna la kufanya. Nilipanda daladala nikarudi zangu nyumbani kama mtu aliyetoka kulipa bili ya umeme.

Kitabu kinaitwa Moshi. Kina kurasa 32, ukubwa wa nusu ya karatasi ya A4, kimepigwa pini katikati. Wenzangu chuoni walipoona jalada, wa kwanza aliniuliza, "Kumbe kwenu Kilimanjaro?" Hapana jamani. Moshi wa kuni. Moshi wa Feri.

Kama hujawahi kufika Feri na unajiita mtoto wa Dar es Salaam, basi nenda kapimwe. Ni soko la samaki pale Magogoni, karibu na kivuko cha kwenda Kigamboni. Alfajiri pana mnada, watu wanapigiana kelele juu ya jodari na kolekole mpaka unadhani wanagombana. Ukiupita mnada, ukawapita wauza pweza na ngisi, unaingia kwenye moshi. Hapo ndipo wanapokaanga. Makarai makubwa yamekaa juu ya moto wa kuni, mafuta yanatokota, na nyuma ya kila karai kuna mtu kafunga kitambaa kichwani na kafinya macho. Mmoja wao ni mama yangu. Anakaanga pale tangu mimi niko darasa la pili. Vibua, changu, tasi, chochote kitakachopatikana mnadani kwa bei ya kueleweka. Samaki hao ndio walioninunulia sare, wakalipa ada, wakanifikisha chuo kusomea sanaa, somo ambalo mtaani kwetu Kigamboni watu wengi wanadhani maana yake ni kucheza ngoma.

Sasa nikuambie kitu ambacho chuoni sikumwambia mtu. Wakiniuliza mama anafanya kazi gani, nilikuwa najibu, "Anafanya biashara." Biashara gani? "Ya chakula." Si uongo. Lakini si unajua tena mambo ya mjini? Mtu akisikia biashara ya chakula anafikiria mgahawa wenye feni na meza za vioo, na mimi nilimwacha afikirie hivyo hivyo. Asubuhi nikishuka kwenye pantoni nilikuwa natembea upande wa pili wa barabara. Blauzi nafua kwa sabuni mara mbili, halafu najipulizia manukato ya bei poa mpaka abiria wenzangu wanapiga chafya. Harufu ya samaki ina kiburi, haitoki kwa kubembelezwa.

Kuchora nilikuwa nimeanza zamani. Mjomba wangu alikuwa na sanduku la bati limejaa magazeti ya Sani, lile lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo (ndiyo, Sa na Ni, hesabu mwenyewe). Nililala chini ya kitanda na tochi nikiwanakili Madenge na Ndumilakuwili kwenye daftari la hisabati. Mwalimu akanichapa, kisha akaniomba nimchoree kadi ya mchumba wake. Baadaye nikakutana na Abunuwasi wa Gado, kitabu cha katuni kilichotoka Nairobi mwaka 1996. Gado mwenyewe ni mzaliwa wa hapa hapa Dar. Nikajisemea, kumbe mtu wa kwetu anaweza kuchora kitabu kizima na kikauzwa dukani.

Basi, mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, mwalimu wetu wa uchoraji akatutuma mjini tukachore watu wakiwa kazini. Kundi letu tulikuwa watano. Mmoja akasema twende Feri. Moyo wangu ukapiga paa.

Tulipofika nikajifanya mtalii. Nikawapeleka kwenye pweza, nikawasifia pweza mpaka pweza wenyewe wakaona haya. Haikusaidia. Kila mchoraji anapenda moshi. Mshikaji mmoja, kijana mpole tu, akaenda moja kwa moja akasimama hatua tatu kutoka karai la mama yangu, akatoa penseli. "Huyu mama ana sura ya kuchora," akaniambia, "mwone mikunjo ya macho." Nikamwambia ni kweli.

Mama akainua kichwa.

Moshi ulikuwa mzito. Mimi nikainama haraka kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa sandozi.

Wakanunua samaki watano, kila mtu mmoja. Mama akawafunga kwenye gazeti (pengine hili hili unalolisoma, mhariri usinune), akampa yule mshikaji na kusema, "Karibuni tena, wanangu." Wote kwa jumla, wanangu. Tukaenda kukaa kwenye ukuta unaotazama bahari, tukafungua gazeti, tukakuta samaki sita. "Yule mama kakosea hesabu!" mshikaji akasema, akicheka. Wakamgawana yule wa sita. Mimi nilisema nimeshiba, nikampa wangu mwingine vilevile.

Jioni mama alirudi na pantoni ya saa moja, akaniuliza chuo kilikuwaje. Nikasema kizuri. Akasema haya. Mambo yakaisha, au ndivyo nilivyodhani.

Mwaka wa tatu ukafika na kazi ya mwisho. Nilichagua kitabu cha picha, na wazo langu la kwanza lilikuwa hadithi ya sungura. Mwalimu aliusikiliza mpango wangu wote, akaniambia, "Sungura ana wachoraji wa kutosha. Wewe unatokea wapi?" Kigamboni. "Unapita wapi kuja hapa?" Feri. "Haya basi." Akafungua kabati akanipa Persepolis, kitabu cha Marjane Satrapi, mama mmoja mzaliwa wa Iran aliyeuchora utoto wake kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, kikaanza kutoka Ufaransa mwaka 2000. Nilikisoma usiku mmoja. Hakuna sungura humo. Kuna bibi, kuna baba na mama, kuna vita, kuna msichana mwenye mdomo. Asubuhi sungura wangu akaliwa.

Nikaanza kumpiga picha mama kwa simu siku za Jumapili. Yeye alidhani ni mambo ya vijana ya kuweka picha kwenye simu, akawa anajirekebisha kitambaa.

Shida yangu kubwa ilikuwa moshi wenyewe. Nilipaka kijivu, ukawa kama mfuko wa saruji umepasuka. Nikapaka kwa penseli, ukawa kama nywele. Wiki tatu nahangaika, karatasi nene za kupakia rangi za maji zinaisha, na karatasi hizo si za bei ya andazi. Mpaka nikagundua kwamba moshi hauchorwi. Unachora vilivyo nyuma yake, karai, mikono, watu, halafu kabla wino haujakauka unapitisha maji safi na kuufyonza kwa karatasi laini ya chooni. Pale ulipofuta, ndipo penye moshi. Unauacha, hauuweki.

Na wino nao nikaubadili. Nilikuwa nimesoma kwamba wino mweusi wa Wachina, ule wa tangu kale, ni masizi tu yaliyochanganywa na gundi. Nikajiuliza, masizi ninunue ya nini wakati kwetu yamejaa? Nikaanza kukwangua chini ya karai la mama. Masizi ya karai yana mafuta, hayataki kuchanganyika na maji, kwa hiyo kwanza unayatia sabuni ya kuoshea vyombo, unayasaga, ndipo unaweka gundi. Mama akanikuta uani nakwangua.

"Unafanya nini wewe?"

"Ya chuo, mama."

"Chuo gani hiki kinachosomesha masizi?"

Lakini kesho yake akaniletea kopo zima. Kwa hiyo mpenzi msomaji, ukikishika kitabu changu cha kwanza, ile michoro yenyewe iliyoko kwenye karatasi kubwa, inanuka samaki kweli. Sisemi kwa mafumbo.

Nikamaliza kurasa 30. Nikajiona bingwa. Mwalimu akazihesabu kwa kidole, akatikisa kichwa. Sikuwa nimejua, na kama wewe una ndoto ya kitabu bora ulijue mapema: kitabu cha kukunja na kupiga pini kinakwenda kwa nne. Karatasi moja ukiikunja katikati inatoa kurasa nne, hata ulie. Thelathini haigawanyiki kwa nne. "Toa mbili au ongeza mbili," akasema.

Kutoa sikutaka. Nikaongeza kunguru. Feri ina kunguru wengi, nikajaza kurasa mbili za kunguru wanaoiba dagaa. Mwalimu akazitazama. "Hawa wa nini? Umeishiwa la kusema?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimechora kurasa 30 za mama yangu shujaa, mama anaamka saa tisa usiku, mama anabishana mnadani, mama anapuliza moto. Kila mtu angependa kitabu hicho. Kuna mtu mmoja tu hakuwemo ndani, na huyo ni mimi. Usiku ule sikulala. Alfajiri nikachora zile kurasa mbili bila penseli, wino moja kwa moja: kushoto mama kainua kichwa, kulia msichana kainama anafunga kamba ambazo hazipo. Katikati moshi. Hakuna neno hata moja. Nikaziweka ukurasa wa 16 na 17, kwa sababu hapo katikati ndipo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja kweli, picha inapita bila kukatika.

Mwalimu alipoziona hakusema kitu. Aliweka alama ya vema pembeni, akaendelea na ya mwenzangu.

Mambo ya uchapaji nitayasema haraka maana bado yananiuma. Nilipiga hesabu: karatasi 8 za A4, rangi mbele na nyuma, kila upande shilingi 500, hiyo ni 8,000. Jalada 1,500. Kukunja, pini na kukata 500. Jumla 10,000 kwa nakala. Nilitaka nakala 20, yaani laki mbili, na mimi nilikuwa nimechacha vibaya. Mama alikuwa ndiyo kwanza kapokea zamu yake ya mchezo. Nikamwambia ni pesa ya kazi ya chuo. Akahesabu noti zenye mafuta, akanipa, hakuuliza.

Nikazipeleka dukani, nikaenda kula chipsi. Nikarudi. Nakala 20 zimekunjwa vizuri, zimekatwa vizuri, na kila ukurasa wa nyuma uko kichwa chini miguu juu. Mashine ilikuwa imegeuza karatasi kwa upande usio wake. Unasoma ukurasa mmoja, unakigeuza kitabu kama usukani, unasoma mwingine. Na bahari yangu ya buluu, ile niliyoifurahia kwenye kompyuta, imekuwa zambarau, maana rangi za kwenye kioo ni mwanga na za kwenye karatasi ni wino, na wino haujali ulichokipenda kwenye kioo.

Utaniuliza, kwa nini hukutoa nakala moja kwanza ukaiangalia? Swali zuri. Ndilo aliloniuliza yule kijana wa mashine. Nikapiga kelele, nikalia kidogo, haikusaidia. Nikaenda kupaka ukuta wa saluni moja Tungi, vichwa vitatu vya misuko na mkasi mkubwa, nikapata 120,000. Safari hii nikatoa nakala moja, nikaikagua, kisha nikachapa 10. Ndizo nilizokuwa nazo pale kibarazani siku ile ya jua.

Alama nilipata za kutosha, tuyaache hayo. Kwenye maonyesho yetu ya kumaliza, yule mshikaji aliyemchora mama mwaka wa kwanza alikifungua kitabu changu akiwa amesimama. Alipofika katikati akaacha kufungua. "Mbona hukusema?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, na yeye hakulisubiri. Alinunua nakala kwa 15,000, akaniambia nimsalimie mama.

Mama mwenyewe nilikuwa sijampa. Nilikaa nacho siku tisa. Si kwa sababu ya vidole vinne.

Jumapili jioni, kaloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, nikamwekea kitabu mapajani nikajifanya naosha vyombo. Mama alisoma hadi darasa la saba, anasoma kwa kidole, polepole, na anatamka. Nikawa namsikia.

"Hawa vibua hujawachanja."

"Wapi, mama?"

"Wote. Kitabu kizima hujachanja hata samaki mmoja. Samaki asiyechanjwa hakolei chumvi. Watu wa Feri watanicheka."

Nikasogea. Ni kweli, nilikuwa nimechora samaki walionyooka, safi kama wa kwenye kopo. Akafungua mbele. "Na kovu langu umelihamisha." Ana kovu la mafuta mkono wa kushoto, na mimi nimeliweka kulia kurasa zote. Zile picha za simu nilikuwa nimezipiga kwa kamera ya mbele, tukiwa wote wawili, na kamera ile inageuza kama kioo. Miaka yote naishi na mkono ule, na bado niliiamini simu.

Halafu akafika katikati, kidole kikakosa maneno ya kusoma. Nikasikia maji ya beseni yametulia.

"Siku ile," akasema.

"Kumbe uliniona?"

"Moshi unaniumiza macho, haunipofushi."

Nikamuuliza mbona hakuniita. "Ulikuwa na wenzio," akasema, kama mtu anayesema leo Jumapili. Akakitazama tena. Akacheka kidogo, akanionyesha sandozi. "Hivi hapa ulikuwa unafunga nini?"

Nikashindwa kucheka, nikashindwa kulia.

"Na samaki mlikula?"

"Tulikula, mama."

"Niliweka sita. Wale watano walilipiwa. Wa sita alikuwa wako wewe, nilimchagua mwenye mnofu. Asubuhi ile uliondoka na chai kavu."

Miaka mitatu nilijua mama alikosea hesabu. Mama yangu! Mtu anayehesabu vibua mia mbili gizani kwa kuvigusa tu.

"Alikuwa mtamu?" akauliza.

Nikasema alikuwa mtamu.

Mama kakiweka kitabu chake kwenye sanduku la vitenge. Zile nakala 20 za kichwa chini kazibeba kwenda nazo Feri, kasema haiwezekani laki mbili ikaoze chini ya kitanda, atafungia samaki. Kwanza alichomoa kurasa za katikati, zote 20, akaziweka chini ya godoro. Zilizobaki zikaenda. Nasikia kuna mteja mmoja, dereva wa bajaji, alirudi kesho yake kuuliza ukurasa unaofuata.

Haikudumu lakini. Siku ya tatu akarudi analalamika. "Karatasi yenu ya chuo ngumu, hainyonyi mafuta. Afadhali gazeti." Akarudia magazeti yake kama zamani, ananunua ya wiki iliyopita kwa kilo, mengi yakiwa ya aina hii hii, na nikimkuta hana wateja namkuta anasoma kwa kidole kabla hajafunga.

Kwa hiyo najua ukurasa huu utafika kwenye karai lake siku moja. Mama, ukiukuta, usiufungie samaki kwanza. Yule wa sita sikumla mimi.